Kilindo cha Mbeleje

Miaka thelathini na mmoja nilipanga barua
nyuma ya kaunta ya Posta, Dodoma mjini.
Naujua uso wa bahasha iliyopotea:
kona zimelegea, mhuri juu ya mhuri,
"hafahamiki", "hafahamiki",
mpaka imrudie aliyeituma.

Sikujua kuna barua isiyo na bahasha,
ikaayo mwilini, isiyochoka kusubiri.

Mwanangu Yoshua alileta kichupa toka ughaibuni.
"Tema mate, mama, yafike kwenye mstari."
Nikatema kwa aibu, kinywa kikavu kwa vumbi la Septemba,
nikamkumbuka bibi yangu Mchiwa, kule Mvumi,
aliyetutemea mate kifuani tukienda shule,
pu! pu! baraka hiyo,
nasi tukajipangusa tukishavuka korongo.

Majibu yalikuja na majina ya watu nisiowajua,
wengi nyuzi nyembamba, ukivuta zinakatika.
Lakini mmoja: sentimogani mia moja kumi na nane.
Mwajabu Lubuva, muuguzi, Oslo.
Mzaliwa wa Kolo, Kondoa.

Kondoa!
Mate yangu yalipanda ndege, yakavuka bahari,
yakapimwa na mashine za watu,
ili yaje kunipa habari za Kondoa,
ninakofika kwa basi chai ikiwa bado ya moto kwenye chupa.

Mwajabu akaandika:
Mama yake babu yangu aliitwa Zena.
Aliletwa mdogo, mwaka wa njaa, hatujui kwa nani.
Masikio yake yalikuwa na matundu mapana,
akayafunika kwa ushungi mpaka anazikwa.
Na hakula uwele.
Mtama, sawa. Mahindi, sawa.
Uwele ukisongwa, alitoka nje akakaa na mbuzi.

Nikailaza simu mezani, kifudifudi.

Maana kwetu, kila mavuno,
bibi alijaza kilindo kimoja cha uwele,
akakifunika, akakitenga,
na hata mwaka ule tulipochemsha majani ya porini
hakuna aliyethubutu kukigusa.
"Hicho cha Mbeleje," alisema.
Sisi wajukuu tulidhani Mbeleje ni aina ya mbegu.

Hesabu yenyewe fupi, hata karani anaiweza.
Mtunya. Wanaume wamechukuliwa kubeba mizigo ya vita vya Wazungu,
ng'ombe wameswagwa, mvua imekataa.
Mabinti wawili, chungu kimoja kitupu.
Akapita mtu mwenye nafaka.

Simlaumu aliyepokea kilindo kile.
Bila uwele ule nisingekuwa na mate ya kutema.
Nayaandika haya, na mkono hautulii.

Jana nilimpigia baba mkubwa wa Mwajabu, mzee Idi, huko Kolo.
Nilijieleza vibaya, vinasaba, bibi, Oslo, njaa.
Akakohoa.
"Kama ni shamba, mama, tulishagawana."
"Sitaki shamba."
"Basi unataka nini, baada ya miaka mia?"
Sikuwa na jibu. Nikasikia kuku wake wakiparura.
Kisha akauliza, sauti imeshuka:
"Huyo bibi yako, naye akicheka aliziba mdomo kwa mkono wa kushoto?"

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa tayari mdomoni.

"Njoo Jumamosi," akasema. "Kuna harusi.
Siku hiyo hatuulizi nani ni nani."

Leo alfajiri nimekwenda soko la Majengo.
Uwele upo, mpya, kijivu kama mvua iliyo mbali.
"Kilo ngapi, mama?"
Nikamwambia kijana apime polepole,
asisimame
mpaka mizani ifike uzito wa mtoto wa miaka sita,
tena aliyekondeshwa na njaa.